Ekseli Haichomelewi kwa Haraka ya Mwenye Gari

Nianze na aibu yangu, maana nikiiweka mwisho nitaipamba. Mwaka wa kwanza nikiwa na uwanja wangu wa kuchomelea hapa Riruta, nilimtengenezea mama mmoja muuza viazi pikapu ikawa na gia nne za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele.

Msicheke bado. Mama huyo alitaka springi nene zaidi, apakie magunia bila gari kuburura tumbo. Springi nene haziwezi kukaa kwenye vikalio vya zamani, vile vyuma vilivyochomelewa juu ya ekseli ili springi ilale hapo. Basi nikaishusha hausingi yote, yaani lile bomba kubwa linalobeba difu, bonge la gia za kuzungusha magurudumu, katikati na shafti kushoto na kulia. Nikakata vikalio vya zamani, nikasaga makovu mpaka bomba likang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Nikaenda kula. Niliporudi nikaligeuza bomba ili nione kazi yangu vizuri, maana nilikuwa najipenda, kisha nikachomelea vikalio vipya.

Upande wa chini.

Wakati wa kuifunga, ekseli yenyewe ilijaribu kuniambia. Bomba la breki lilikataa kufika mahali pake, nikalikunja. Kitundu cha kupumulia hewa kilikuwa kinatazama mchanga. Nikasema hawa Wajapani wana mambo yao. Tundu la kumwagia oili lilikuwa juu kabisa. Nikajazia oili hapo hapo, nikashangaa mbona siku zote tunahangaika kujazia ubavuni na hapa ni rahisi hivi. Nikawasha, nikatia gia ya kwanza, gari likarudi nyuma likaangusha kibanda cha chapati.

Yule mama akatazama kibanda, akatazama gari, akanitazama mimi. "Fundi," akasema, "sasa mimi nitakuwa nikienda soko na mgongo?"

Hausingi ukiigeuza juu chini, difu inazungusha magurudumu kinyume. Kila anayeshusha hausingi anapaswa kulijua hilo, na mimi nililijua, lakini kujua na kukumbuka baada ya kula ugali ni vitu viwili. Tangu siku hiyo, kabla sijakata chochote, napiga alama tatu za patasi kwenye chuma: juu, mbele, na upande wa dereva. Si chaki. Chaki inafutwa na kiwiko chako mwenyewe. Na chuma kikikukatalia mara tatu, acha kukilazimisha, kaa juu ya tairi ufikiri. Bomba la breki halina kiburi. Halikatai bila sababu.

Nawaandikia nyinyi mnaojifunza kazi hii sasa, wengi wenu kwa video za simu, mkimtazama mtu wa mbali mwenye glavu safi akichomelea chuma kisichovuja oili. Sina elimu kubwa. Nilimaliza kidato cha nne, nikafaulu Kiswahili na kilimo, nikaenda kuwa fundi wa vyuma. Wala si mtu wa mjini. Mjini nilikuwa naenda Kirinyaga Road kutafuta spea, narudi kabla chai ya saa nne haijapoa. Majirani wa kazi walinibandika jina Saa Kumi na Moja, kwa sababu ikifika saa hiyo nilikuwa nazima mashine hata kama rais yuko chini ya gari. Nyumbani kwangu kulikuwa mwendo wa dakika nane, na mke wangu, Mama Wanjiru, hapendi kupasha chakula moto mara mbili. Watu walidhani ni uvivu. Ulikuwa uvivu kidogo. Lakini pia mchomeleaji aliyechoka anaanza kusema "hii itashika tu", na hayo ni maneno mabaya kuliko matusi.

Aliyenifundisha ni Mzee Wafula, mtu wa Bungoma, ambaye kabla ya kuja Nairobi alikuwa akichomelea trela za miwa. Hakuwa na maneno mengi, ila alikuwa na adhabu. Siku moja nilichomelea kibao cha shokabsoba kwenye ekseli, waya wa ardhi, ule unaorudisha umeme kwenye mashine, nikauning'iniza kwenye hapi, kitovu cha gurudumu, kwa sababu ndipo palipokuwa karibu na mkono wangu. Kazi ikatoka nzuri. Baada ya wiki gari likarudi likilia kama fisi. Wafula akafungua gurudumu, akatoa beringi, akaiosha kwa mafuta ya taa, akaniwekea sikioni kama simu.

"Zungusha."

Nikazungusha. Krr, krr, krr.

"Nani anaongea hapo?"

"Sijui, mzee."

"Ni wewe. Umeme wako ulipita hapo ukitafuta njia ya kurudi nyumbani. Kila mahali umeruka, umeacha shimo. Wewe unapenda kwenda nyumbani, si ndiyo? Na umeme pia. Upatie njia fupi."

Akanifanya niibebe beringi hiyo mfukoni mwezi mzima. Mama Wanjiru aliikuta akifua, akauliza kama nimeanza kulipwa kwa vyuma. Kwa hiyo sikilizeni: waya wa ardhi unauma pale pale unapochomelea, kwenye chuma kilichosuguliwa, kiganja kimoja au viwili kutoka kwenye kazi. Usiushikize kwenye gurudumu, wala bampa, wala upande wa pili wa springi. Na betri uitoe kwanza, vichwa vyote viwili.

Sasa niwaambie la basi, kwa sababu nasikia bado linasimuliwa vibaya kwenye hoteli za Naivasha Road, eti nilikata gari la watu kwa hasira. Sikuwa na hasira. Nilikuwa na grenda.

Ilikuwa katikati ya ile miaka ya elfu mbili. Uwanja niliofanyia kazi ulikuwa wa Mzee Karanja, mtu mkubwa kanisani, mwenye vyumba vya kupangisha nyuma ya uwanja na shule ndogo ya msingi upande wa Mountain View. Shule hiyo ilikuwa na basi moja la viti ishirini na tisa, lililozoa watoto Riruta na Kangemi kila asubuhi. Jumamosi moja, kama saa sita mchana, Karanja akalileta mwenyewe. Kikalio cha springi upande wa kushoto, nyuma, kilikuwa kimeachia chomelea, yaani mshono wake wa chuma ulikuwa umekatika.

"Baba Wanjiru, piga hapo mbili tatu," akasema akiwa bado dirishani. "Jumatatu watoto wanataka kubebwa."

Nikaliinua basi. Na hapa sikilizeni tena: jeki ni ya kuinua, si ya kulalia chini yake. Nikaweka stendi za chuma chini ya fremu, nikatia mawe kwenye magurudumu ya mbele, nikalisukuma basi kwa bega kuona kama linacheza. Halikucheza. Nikalegeza boliti, nikaishusha ekseli kidogo mbali na springi, nikaingia.

Mtu kabla yangu alikuwa amechomelea hapo mara mbili, labda tatu, moja juu ya nyingine, kama kinyesi cha kuku. Lakini si hilo lililonishtua. Pembeni mwa kikalio, kwenye bomba lenyewe la hausingi, palikuwa na mstari wa oili mwembamba kama uzi. Nikaufuta. Nikaenda kunywa maji. Niliporudi ulikuwa umetoka tena.

Chuma kizima hakitoki jasho. Nikamwita Karanja, nikamwonyesha.

"Hiyo ni grisi tu," akasema.

"Mzee, grisi haitembei. Hili bomba limepasuka, na ufa unaingia chini ya kikalio. Mimi sioni unaishia wapi. Nikichomelea juu yake nitakuwa nimefunika tu."

"Sasa unataka nini?"

"Nikate kikalio nione. Kama bomba limepasuka, tunatafuta hausingi nyingine. Siku mbili, tatu."

"Siku tatu!" Akacheka kile kicheko cha mtu ambaye uwanja ni wake. "Mimi nimekuja kuchomelewa, sikuja kuhubiriwa. Hapa umekaa kwa nani, Baba Wanjiru?"

"Kwako, mzee."

"Na kesho kutwa utakuwa umekaa kwa nani?"

Hapo ndipo palikuwa na uzito, na sitajifanya shujaa. Uwanja ule ndio uliokuwa kazi yangu. Umeme ulikuwa pale, wateja walinijua pale, na ulikuwa dakika nane kutoka kwa chapati za Mama Wanjiru. Nilikuwa na watoto wanne, mmoja amefika sekondari. Lakini nikatikisa kichwa.

"Ukikataa, kuna vijana wamejaa Kangemi. Naenda kuleta mmoja saa hii," akasema. Akapanda pikipiki ya jirani mmoja, akaenda.

Nikabaki na basi. Nikahesabu moyoni: Kangemi kwenda na kurudi, kutafuta fundi, kupakia mashine, ni saa nzima. Kijana atafika, atalala chini, atatia chomelea ya nne juu ya zile tatu, itang'aa, atapewa asante. Na Jumatatu asubuhi watoto ishirini na tisa, na wengine wamesimama, watashuka kwenye mteremko wa Kangemi juu ya bomba lililopasuka.

Nikachukua grenda nikakikata kikalio.

Nawaambia nilivyokikata, kwa sababu hata uasi una ufundi wake. Wengine wangechukua gesi. Gesi ni tamu, inakata kama siagi, lakini kwenye hausingi inakula bomba kabla hujajua, na ndani kuna mvuke wa oili. Mimi niliwahi kujaribu gesi kwenye hausingi ambayo sikuifungua tundu hata moja. Ilinitemea moto usoni kupitia kitundu cha kujazia, nikarudi nyumbani bila nyusi, Mama Wanjiru akasema nimekuwa kama yai. Kwa hiyo kwanza nikaimwaga oili yote, nikafungua kitundu cha kupumulia na tundu la kujazia, vyote wazi. Nikafunika bomba la breki kwa gunia lililolowa, nikasogeza mtungi wa maji karibu. Kisha nikakata ile chomelea yenyewe, si bomba, nikaacha utando mwembamba kama ukucha. Utando huo haukatwi, unasagwa polepole kwa jiwe laini mpaka chuma kibadilike rangi. Ukiona cheche zinaanza kwenda upande mwingine, simama. Umefika kwenye bomba.

Kikalio kikaanguka. Chini yake palikuwa na ufa mrefu kuliko kidole changu cha kati, umezunguka bomba kama mkanda uliolegea.

Karanja akarudi na kijana mwenye mashine juu ya mkokoteni. Akakiona kikalio chini. Sitaandika alichosema, maana ni mtu wa kanisa na bado yuko hai. Watu wa vyumba vya nyuma wakatoka kutazama, na mwenye kile kibanda cha chapati nilichokiangusha pia. Yeye alikuwa haninunii tena, lakini alikuwa anapenda kuona nikiaibika.

Kijana wa Kangemi, bila kujali kelele, akaanza kazi. Akashikiza waya wa ardhi kwenye bampa ya mbele.

"Kijana," nikamwambia, "umeme wako unapitia Nakuru ndiyo ufike Riruta?"

"Mzee, wewe si umekataa kazi? Niache."

"Nimekuacha. Ingia chini, lakini jionee kwanza."

Akaingia. Akakawia huko. Karanja akagonga bodi ya basi kwa kiganja. "Haya, choma!"

Kijana akatoka akijifuta magoti. Akautoa waya wake kwenye bampa, akaanza kuukunja mkononi, duara juu ya duara.

"Unafanya nini?" Karanja akauliza.

"Mzee, mimi hiyo sigusi."

"Kwani imekuwa nini?"

"Hiyo ni ya kubebwa na maombi. Mimi ni wa kuchomelea geti." Akasukuma mkokoteni wake akaenda. Sikuwahi kumjua jina, lakini popote alipo ni fundi.

Mngedhani Karanja angenishukuru. Mtu hashukuru akiwa anatazamwa na wapangaji wake. Alinijia karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Utaitengeneza hii gari vile unataka. Siku mbili, siku tatu. Halafu utatoa vitu vyako kwa ploti yangu. Mwisho wa mwezi nisikuone."

"Sawa, mzee," nikasema. "Lakini hausingi ninachagua mimi."

Jumatatu asubuhi wazazi waliwabeba watoto wenyewe, kwa miguu na kwa lawama, na mimi nikaenda Kirinyaga Road. Nilichagua hausingi kama mama anavyochagua papai: nikaigonga kwa nyundo kila mahali nikisikiliza. Nzima inalia kama kengele, iliyopasuka inakohoa. Nikaileta, nikapiga alama zangu tatu za patasi. Mnajua kwa nini.

Hiyo hausingi haikuwa na vikalio vinavyolingana na springi zetu, kwa hiyo ilibidi nichomelee vipya. Kazi ya vikalio ambayo Karanja alitaka imalizike mchana mmoja ilinichukua siku mbili, na sikupoteza hata saa moja. Kwanza nilitoa sili zote za oili, zile pete za mpira, maana moto unaziyeyusha na utalaumiwa baadaye kwa kuvuja. Nikapima mwinuko wa pua ya difu kwenye ekseli ya zamani, nikauhamishia kwenye mpya. Pua ikitazama juu sana au chini sana, propela, ile shafti ndefu inayoleta nguvu kutoka mbele, itatetemeka mpaka ifunguke yenyewe. Nikapima mishazari, kona hadi kona. Nikashikiza kila kikalio kwa nukta nne tu, nikaingiza shafti zote mbili. Shafti inapaswa kuingia kwa kusukumwa na kidole. Ikihitaji bega, bomba limepinda, na nukta nne bado unaweza kuzikata. Chomelea nzima huwezi.

Rodi za kuchomelea nilizikausha nyumbani, kwenye waya juu ya jiko, pale Mama Wanjiru anapokaushia mahindi. "Leo tunakula nini?" akauliza. "Rodi na sukuma?" Lakini hakuzitoa. Rodi yenye unyevu inaacha tundu ndani ya chomelea, na hulioni mpaka siku linapofunguka.

Halafu nikachoma kipande cha urefu wa kidole upande wa kulia, nikahamia kushoto, nikachoma kipande kingine, nikaenda nyuma, nikarudi mbele. Kati ya kipande na kipande nikaweka mkono kwenye bomba. Mkono ukikataa, nangoja. Watu walipita wakiniona nimekaa juu ya tairi nikinywa chai, wakasema Saa Kumi na Moja amezidi, siku hizi anaanza kupumzika saa tatu. Mzee Wafula alikuwa akisema chuma ukikikimbiza, kitakukimbia. Ukichoma upande mmoja kwa pupa, bomba linajivuta kuelekea huko, na basi litaenda barabarani likiwa limeangalia kando kama kaa. Na maji, msimwage maji! Nikimwona kijana anapoza chomelea ya ekseli kwa maji, hata leo, na mgongo huu, nitaruka ua. Iache ipoe yenyewe, iwe imefunikwa kwa gunia kavu.

Alhamisi asubuhi basi likabeba watoto. Mwisho wa mwezi nikabeba mashine.

Nilihamishia kazi nyumbani. Baba yangu aliniachia kipande cha ploti chenye ua wa mbele, nikakimwagia saruji, nikavuta umeme, nikaanza upya na wateja nusu. Miezi ya kwanza ilikuwa migumu, na ilibidi yule aliyefika sekondari akae nyumbani muhula mmoja. Hilo sikulisahau, na yeye hakulisahau. Lakini mkiniuliza kama ningekikata kikalio tena, jibu ni ndiyo, na safari hii ningekikata Karanja akiwa bado amesimama pale. Mnaambiwa kila siku kwamba mwenye gari ndiye anayejua anachotaka. Anajua anakotaka kwenda, hilo tu. Aliyelala chini ya gari ndiye anayejua kama litafika. Ukishaona ufa, huwezi kusema hukuuona. Watakutisha na ploti, na mteja, na fundi mwenye bei rahisi. Waache watishe.

Karanja hakunisalimia kanisani miaka mitatu. Lakini kila shule zilipofungwa, dereva wake alileta lile basi mbele ya geti langu, akasema tu, "Ametuma uangalie chini." Na mimi naangalia chini, nikiringa hata nikiwa nimelala chali kwenye vumbi.

Aliyepata hasara ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, Mama Nekesa. Alikuwa nesi kwenye hospitali moja huko Upper Hill, zamu za usiku, analala mchana, na mimi mchana ndio nasaga. Binti yake Nekesa alikuwa akipanda lile basi kila siku. Likizo moja niligundua nyufa ndogo kwenye ekseli ya basi hilo, penye kibao cha shokabsoba, nikaanza kusaga, na baada ya nusu saa kichwa chake kikatokea juu ya ukuta kikiwa na kitambaa cha kulalia, macho mekundu. Nikazima grenda. Nikamwomba msamaha. Nikamwambia nitaharakisha, nimalize leo leo, ili kesho apumzike.

Akakivuta kitambaa nyuma. Kisha akasema, "Baba Wanjiru, mimi sijalala vizuri tangu uhamishie kazi hapa. Lakini nikisikia umemaliza hiyo ekseli leo kwa haraka ati ili mimi nilale, nakuja hapo na jembe, na sitauliza swali."